Tangazo la Simuni na Haki ya Msomaji

Zamani, na zamani hiyo si ya mbali, tangazo la darsa, la maulidi au la msiba lilifika majumbani kwa miguu ya mtu. Mtoto alitumwa nyumba hadi nyumba, au karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa msikiti, na asiyejua kusoma alisomewa na aliyesimama karibu naye. Leo kazi hiyo imehamia katika simu. Mwalimu wa madrasa humwita kijana mmoja anayesifiwa kuwa mwepesi wa simu, humwambia, "Mwanangu, tutengenezee tangazo," na baada ya Magharibi picha imekwisha kusambaa katika makundi ya WhatsApp ya mtaa mzima, na pengine imevuka bahari ikafika kwa jamaa walioko Maskati na London, ambao nao hupenda kujua nyumbani kuna nini.

Kazi hii ni ya heshima, na wala haihitaji kipaji cha mchoraji. Lakini aghalabu wanaopewa hawakufunzwa na mtu, nao hujifunza kwa kutazama matangazo ya wengine, mazuri na mabaya pamoja. Ndiyo maana twaona picha zenye kuba la dhahabu, taa zinazoning'inia, mwezi, nyota, misikiti miwili na sura za masheikh watano, ambazo msomaji akishazitazama zote bado hajui shughuli ni lini. Kwa darsa la kila wiki hasara yake ni ndogo. Kwa tangazo la maziko, mtu atakosa kumsindikiza jirani yake wa miaka thelathini kwa sababu saa iliandikwa pembeni kwa herufi za kijivu. Basi tumeona yafaa kuzungumza na vijana wetu juu ya jambo hili, tangu mwanzo wake, kwa namna ambayo hata asiyewahi kutengeneza picha moja aweza kuanza leo.

Mwanzo wake si simu. Mwanzo wake ni karatasi na kalamu. Kabla ya kufungua programu yoyote, andika maneno yote uliyopewa, kisha uanze kuyapunguza. Tuseme mwalimu amekuletea maneno haya: "Uongozi wa madrasa yetu tukufu unayo furaha kubwa isiyo na kifani kuwaalika wazazi wote, walezi, ndugu, jamaa na marafiki katika darsa maalumu litakalozungumzia mada muhimu sana ya malezi ya watoto wetu katika zama hizi za simu, litakalofanyika Jumamosi hii ukumbini baada ya swala, nyote mnakaribishwa na msikose kufika kwani kukosa ni kujikosesha." Maneno haya yanafaa kusemwa na mtu aliyesimama mbele ya watu. Katika picha ya upana wa kiganja hayana pa kukaa. Yapunguze hivi:

DARSA LA WAZAZI
Malezi ya watoto na simu
Jumamosi, 14 Novemba 2026
Saa 2:00 usiku, baada ya Isha
Ukumbi wa madrasa. Wanawake wana nafasi yao.

Hapa pana jambo, siku, saa na mahali, na neno moja ambalo mama wa nyumba atalitafuta kabla ya kuamua kutoka, nalo ni kama ana pa kukaa. Furaha isiyo na kifani tumeiacha, na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Kama mwalimu atanung'unika kwamba heshima imeondoka, maneno yake yote yataandikwa chini ya picha, na jambo hilo tutalirudia.

Tazama pia jinsi tulivyoandika siku. Hatukusema "Jumamosi hii", kwa kuwa picha ya simuni haina kifo. Mtu huihifadhi, na baada ya miezi minane mwingine huikuta na kuituma tena kwa nia njema kabisa, na watu wakaenda ukumbini wakakuta mlango umefungwa. Siku, tarehe, mwezi na mwaka, vyote vinne viandikwe.

Na saa ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Sisi twahesabu saa tangu jua kuchomoza na kuzama, bali simu nyingi huhesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. Kijana hutazama simu yake, huona 8:00, akaandika "Saa 8:00 usiku", na kwa Kiswahili amewaita wazazi wakati wa tahajudi! Andika saa ya Kiswahili, kisha uifungamanishe na swala au na neno la wakati, asubuhi, mchana, jioni, usiku, ili pasiwe na njia ya kukosea. Walioko ng'ambo wanaotaka kusikiliza kwa simu waongezewe mstari wao peke yake wenye saa ya kwao. Hali kadhalika jihadhari na "Ijumaa usiku". Kwa mzee aliyelelewa katika hesabu ya Kiislamu, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua linapozama. Kwa mjukuu wake ni usiku unaofuata swala ya Ijumaa. Wote wawili wana haki, na wote wawili watafika, mmoja leo na mwingine kesho. Ukiandika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa" umewakutanisha.

Maneno yakishakaa sawa, ndipo tuingie katika umbo. Kijana akituuliza atazame mfano gani wa kujifunzia, hatumpeleki mbali. Na amwombe mama yake kanga moja aitandaze kitandani. Kanga ina pindo lililoizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji lina jina lake, mstari mmoja wa maneno ndani ya kijisanduku chake. Pindo hulizuia jicho lisimwagike nje. Mji una pambo moja kubwa, labda korosho, labda ua, na mara chache mno utaona mapambo matano yakigombea hapo katikati. Jina ni fupi, kwa herufi kubwa, na hakuna ua linalothubutu kupita juu yake. Rangi ni mbili au tatu. Jirani aliye ng'ambo ya njia hulisoma jina hilo huku mwenye kanga anakwenda zake, na ikiwa lilikusudiwa kumfikia yeye, limemfika.

Maandishi hayo hayakuwapo tangu mwanzo wa kanga. Yalipokuja, kwanza yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na ambalo kanga zake twazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ni miongoni mwa yanayotajwa sana katika habari hiyo. Wenye kuchora kanga walikuwa wafanyabiashara, na kanga isiyosomeka haikununuliwa. Picha ya simuni hainunuliwi, na labda ndiyo sababu twaiachia kasoro ambazo mama zetu wasingeziachia dukani.

Basi ifanye picha yako kama kanga. Iachie nafasi tupu pande zote nne, hilo ndilo pindo lako, hata kama hukulichora. Weka pambo moja tu. Yape maneno makubwa mahali pake safi. Nafasi tupu huwatisha wanaoanza. Wao huiona kama uvivu, wakaijaza maua. La hasha! Nafasi hiyo ndiyo inayoyafanya maneno yaonekane, kama vile kimya kinavyomfanya msomaji wa Kurani asikike.

Sasa vipimo. Picha ya simu hupimwa kwa pikseli, yaani vile vitone vidogo vinavyoijenga. Kwa kutuma katika makundi, picha ya mraba ya pikseli 1080 kwa 1080 inatosha. Kwa kuweka katika stetasi, ambayo hujaza kioo chote, ni 1080 kwa upana na 1920 kwa urefu, na hapo acha kama pikseli 250 juu na zaidi ya hizo chini bila neno lolote, maana jina la mtumaji na mahali pa kujibu huja kuzifunika. Pindo la pikseli 80 kila upande lafaa.

Je, herufi ziwe na ukubwa gani? Hapa hapana haja ya kubahatisha. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa sentimita 6 na nusu hivi. Pikseli 1080 zikibanwa humo, kila sentimita moja inapata 166. Basi mstari wa herufi za pikseli 50 utakuwa na kimo cha milimita 3, na hicho ndicho kiwango cha chini tunachokikubali sisi kwa msomaji mwenye nywele za mvi. Kichwa cha tangazo kiwe mara mbili ya hapo au zaidi, 110 au 120. Ukubwa wa aina mbili au tatu unatosha. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliwawekea waandishi wa hati za Kiarabu kanuni ya kupima kila herufi kwa nukta ya kalamu ileile, hata herufi zote zikawa na nasaba moja. Kijana wa leo anayechagua hati sita za mapambo kwa mistari mitano amekwenda kinyume na waziri huyo kwa kila njia. Hati moja iliyonyooka, nzito kwa kichwa na nyepesi kwa maelezo, yatosha.

Tukija kwenye rangi, wengi huuliza ipi ni nzuri, lakini swali lenye faida ni kama maneno yanatengana na kilicho nyuma yake. Kuna kipimo cha jambo hili kinachotumiwa na watengenezaji wa kurasa za intaneti duniani, kilichopitishwa katika kanuni za mwaka 2008. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, nayo ni ya juu kabisa. Maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1, na makubwa yasipungue 3 kwa 1. Njano halisi juu ya nyeupe hupata kama 1.07 tu, yaani karibu na kutoandikwa kabisa, ilhali njano hiyohiyo juu ya nyeusi husomeka mbali. Kijani kibichi na dhahabu, ambazo vijana wetu huzipenda mno kwa mambo ya dini, hufaa ikiwa kijani ni ya giza na dhahabu ni ya mwanga. Zikikaribiana, tangazo limepotea. Wala usitofautishe mambo kwa nyekundu na kijani peke yake, kwani wako watu, na wanaume ndio wengi, wasioweza kuzitenganisha rangi hizo mbili. Na ukiandika juu ya picha ya msikiti, tandaza kwanza kivuli chenye giza juu ya picha yote, au yaweke maneno katika kijisanduku, kama jina la kanga.

Kuhusu programu hatutasema mengi. Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013, ina sehemu isiyo na malipo na ina violezo vingi, nayo hufanya kazi katika simu. Ziko nyingine. Kiolezo ni msaada mzuri kwa anayeanza, mradi akijue kuwa kimetengenezwa kwa maneno ya mtu mwingine. Ukikuta kiolezo chenye mapambo kumi, futa tisa.

Maandishi ya Kiarabu yanataka uangalifu wa pekee. Ziko programu ambazo, ukibandika aya humo, huzitenganisha herufi moja moja, au huzipanga kutoka kushoto kwenda kulia, na kijana asiyesoma vizuri haoni kosa. Tumeona hata bismillahi imekatika vipandevipande katika tangazo la hitima. Picha zinazotungwa na akili mnemba ndizo za kuogopwa zaidi, maana mara nyingi huchora kitu kinachofanana na Kiarabu kwa mbali, na kwa karibu si neno la lugha yoyote. Chukua aya kutoka chanzo kilichohakikiwa, kama maandishi ya mradi wa Tanzil ulioanza mwaka 2007, na tumia hati iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Amiri, ya Khaled Hosny wa Misri, hutolewa bure, nayo imefuata herufi za matbaa ya kale ya Bulaq mjini Cairo. Kisha, kabla ya kutuma, mwonyeshe mwalimu wako wa Kurani. Waandishi wa Siyu katika kisiwa cha Pate, waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, walitandaza mapambo pembeni mwa ukurasa na kuliacha neno lenyewe safi, na adabu hiyo yatufaa sisi pia.

Lakini yatupasa kuuliza kwanza kama aya inahitajika. Tangazo la mkutano wa usafi wa makaburi laweza kusimama bila aya. Ikiwekwa, itajwe sura na namba yake, na tafsiri itajwe ni ya nani, kwa kuwa maneno ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, si maneno ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Ama hadithi, hapa twasema kwa ukali. Picha nzuri huipa nguvu kauli isiyo na msingi. Mtu ambaye angeuliza "umeipata wapi?" akiisikia barazani, haulizi akiiona katika fremu ya dhahabu. Hadithi isiyotajiwa kitabu chake na namba yake isiwekwe katika picha, hata kama maneno yake ni matamu, hata kama imetumwa na mtu mzima unayemheshimu.

Jambo jingine la amana ni michango. Picha ya kuomba msaada wa mgonjwa au wa ujenzi hubadilishwa kwa dakika chache, namba ya simu ikafutwa na nyingine ikaandikwa, na fedha za watu zikaenda kwa mwizi, ilhali picha imebaki na jina la msikiti juu yake. Huwezi kuzuia jambo hilo kabisa. Lakini andika kando ya namba jina kamili la mwenye nayo, lile litakalotokea katika simu ya mtoaji kabla hajathibitisha malipo, na mwambie mtoaji asimame asipoliona. Weka pia namba ya pili ya kuulizia. Na picha ya mgonjwa mwenyewe, au ya yatima, au ya watoto wa madrasa wakiwa safuni, isiwekwe mpaka wenyewe au wazazi wao wameulizwa. Mtoto wa miaka saba hana uwezo wa kusema hapana, naye ndiye atakayeishi na picha hiyo muda mrefu kuliko sisi sote.

Ukimaliza, ihifadhi picha kwa aina ya PNG, kwa kuwa JPEG huchafua kingo za herufi, na kila inapohifadhiwa upya huzidi kuchafuka. WhatsApp nayo huibana picha ili iende upesi. Tangu mwaka 2023 imetoa njia ya kutuma kwa ubora wa juu, basi ichague. Mwanangu asikuvunje moyo anayesema bando lake litaisha. Picha tulivu yenye rangi mbili ni nyepesi kuliko ile ya mataa na maua.

Chini ya picha andika maneno yote upya kama ujumbe wa kawaida. Hapa ndipo yatakapokaa yale maneno marefu ya mwalimu, furaha yake na mialiko yake. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti, aghalabu hasomewi maandishi yaliyo ndani ya picha. Namba ya simu iliyo ndani ya picha haibonyezwi ikapiga. Na mtu akitafuta neno "darsa" katika ujumbe wake wa zamani, picha haitatokea.

Bado kuna jaribio moja kabla ya kutuma kwa watu. Mpe simu bibi yako, bila miwani kama ndivyo anavyokaa siku zote, bila kumweleza neno. Hesabu moyoni mpaka tano, uichukue simu, kisha umuulize, ni nini, ni lini, ni wapi? Akitaja mawili na la tatu akalikosa, unajua mahali pa kurekebisha. Akisema, "Pazuri hapo, huu msikiti wa wapi?" rudi kwenye karatasi.

Na ikitokea saa imebadilika baada ya picha kutumwa, usibadilishe namba moja na kuituma ileile, kwani hakuna atakayetambua tofauti, na zote mbili zitatembea pamoja. Badili rangi ya nyuma yote, andika MABADILIKO YA SAA kwa herufi kubwa juu kabisa, weka saa mpya peke yake katikati, na ile ya kwanza uifute kwa wote ukiwa bado unao muda. Kwa msiba, piga na simu.